Jumapili Bila Vikao

Kamati nyingi za parokia hufanya vikao Jumapili baada ya Misa, kwa kuwa ndiyo siku watu wanapatikana. Nasi tumezoea kuitisha semina siku hiyo hiyo. Tunakiri kwamba tumekosea.

Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili, na sababu zake hazifanani. Katika Kutoka 20 tunapumzika kwa kuwa Mungu alipumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni utumwa wa Misri: aliyewahi kunyimwa mapumziko asimnyime mwingine. Ndiyo maana wametajwa mtumwa, mjakazi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Mke hakutajwa, na pengine wengine wetu tumejificha hapo, maana Jumapili akina mama bado wanateka maji na kuwapikia wajumbe wa kikao.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki. Mjumbe anayejitolea hana mwajiri wa kumpa siku hiyo. Mkulima vilevile.

Kwa hiyo hatutaitisha tena semina Jumapili, wala kupokea taarifa za miradi. Wafadhili wakiona idadi ya vikao imepungua katika taarifa ya robo mwaka, wajue sababu. Kamati zituandikie siku inayozifaa. Jumamosi imependekezwa, ingawa wenye magulio siku hiyo wameshalalamika.