Ukakasi wa Divai ya Mlimani: Ladha, Hukumu na Msamiati

Mtu anayeonja kwa mara ya kwanza divai nyekundu changa iliyotoka katika kiwanda kidogo cha mlimani, kwa kawaida hutamka neno moja tu: kali. Katika Kiswahili neno hilo lina kazi nyingi. Ndimu ni kali, pilipili ni kali, na lutuku linaloshuka kooni kama moto ni kali pia. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna hasara yoyote. Lakini kwa mwonjaji ambaye kazi yake ni kuipima divai na kuieleza kwa maandishi, neno hilo hufunika mambo matatu au manne yaliyo tofauti kabisa, na mojawapo la mambo hayo ndilo linalosaidia sana kukisia kama divai hiyo itadumu miaka 5 au miaka 30. Jambo hilo lina jina lake katika Kiswahili, nalo ni ukakasi.

Makala hii inakusudia kueleza ukakasi ni nini, kwa nini divai ya mlimani huwa nao mwingi, na kwa nini divai ya namna hiyo huhukumiwa mapema kuliko inavyostahili. Mfano utakaotumiwa ni divai ya Monte Bello ya mwaka 1971, kutoka California, nchini Marekani. Umechaguliwa kwa sababu divai hiyo ilionjwa mbele ya waamuzi mara kadhaa katika muda wa miaka 30, na matokeo yake yanajulikana.

Majina ya ladha

Jina lenyewe la kinywaji hiki limekopwa mara mbili. Mvinyo latokana na Kireno, na divai latokana na Kifaransa. Biblia ya mwaka 1952 inalo neno divai katika habari ya arusi ya Kana, ilhali mvinyo, katika vinywa vya watu wengi, limepanuka hata likafikia pombe ya kukenekwa. Kwa sababu hiyo divai ndilo neno linalofaa zaidi katika uchambuzi. Lakini ikiwa jina la kinywaji lilitoka ng'ambo, hisia za kinywa hazikutoka huko. Ukakasi unajulikana na kila mtoto aliyewahi kuuma pera bichi au ndizi mbichi. Ulimi hukauka, ufizi husinyaa, na mashavu kwa ndani huwa kama yamepakwa vumbi. Chai ya rangi iliyosahauliwa juu ya majani yake huleta hali hiyohiyo.

Ukweli ni kwamba ukakasi si ladha kwa maana halisi. Ni mguso. Ganda la zabibu, mbegu zake na vikonyo vyake vina kemikali ziitwazo tanini, ambazo zimo pia katika majani ya chai. Tanini zikiingia kinywani hushikamana na protini za mate, na mate yakipoteza protini hizo hupoteza ule utelezi wake. Ulimi husuguana na kaakaa bila kilainisho. Kinachohisiwa ni msuguano huo.

Uchachu ni jambo jingine. Hutokana na asidi, kama katika munkoyo uliokaa siku nyingi, na kazi yake ni kinyume cha ile ya ukakasi: badala ya kukausha kinywa, hukijaza mate, na ukizidi hutia meno ganzi. Uchungu, unaofanana na ule wa kwinini, hubaki ulimini baada ya kumeza, wala haukaushi wala hauleti mate. Ukali, kwa maana finyu, ungeweza kuachiwa moto wa kileo, ule unaopanda kifuani. Tunda bichi huwa na uchachu na ukakasi kwa pamoja, na bila shaka ndiyo sababu watu wengi huyachanganya mambo hayo mawili. Mwonjaji anaweza kuyatenganisha kwa jaribio dogo. Hushika divai kinywani kwa sekunde chache, huitema, kisha huinamisha kichwa kidogo na kungoja. Mate yakitiririka, ni uchachu unaosema. Ulimi ukigoma kuteleza juu ya ufizi, ni ukakasi. Divai nzuri ya mlimani hufanya yote mawili, moja baada ya jingine.

Kazi ya mlima

Monte Bello ni mgongo wa mlima katika safu ya Santa Cruz, kusini mwa San Francisco, si mbali na Bahari ya Pasifiki. Mashamba yake ya mizabibu yamepandwa kati ya mita 400 na 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa msomaji wa Lubumbashi, ambaye mji wake uko karibu na mita 1,200, hicho si kimo cha kustaajabisha. Lakini mzabibu hauhesabu mita tu. Huhesabu latitudo, upepo wa bahari, na hasa udongo. Pale udongo ni haba, umetokana na mawe yaliyooza, na chini yake kuna mawe ya chokaa.

Daktari mmoja wa San Francisco, Osea Perrone, alinunua ardhi huko katika miaka ya 1880, na divai ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1892. Baadaye kiwanda kiliachwa, na mizabibu ya aina ya cabernet sauvignon ilipandwa upya mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1959 watafiti kutoka Stanford Research Institute walilinunua shamba pamoja na familia zao, wakalilima mwishoni mwa wiki. Mwaka 1962 walikifungua tena kiwanda chini ya jina la Ridge. Paul Draper, aliyejiunga nao mwaka 1969, alikuwa amesoma falsafa, wala hakuwa na shahada ya utengenezaji wa divai. Alitegemea hamira za asili zilizokuja na zabibu zenyewe, na mapipa ya mwaloni wa Marekani.

Mlima huongeza ukakasi kwa njia isiyo ngumu kueleza. Katika udongo haba, mzabibu huzaa kidogo, na punje zake huwa ndogo. Punje ikiwa ndogo, ganda lake huwa kubwa kwa kulinganishwa na maji yake. Kwa kuwa rangi na sehemu kubwa ya tanini zimo katika ganda, divai inayopatikana huwa nzito, yenye rangi ya kukolea, na yenye kukakasa. Baridi ya usiku nayo huizuia asidi isiishe kabla zabibu hazijaiva. Basi divai ya mlimani ikiwa changa huja na ukakasi mwingi na uchachu mwingi, na utamu wa tunda hufichika nyuma yake. Anayeionja wakati huo akasema ni kali hakukosea. Amesema nusu tu.

Kadiri miaka inavyopita ndani ya chupa, tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na pamoja na chembe za rangi. Baadhi huwa kubwa mno, haziwezi tena kuelea, zikazama na kuwa mashapo. Divai hupungukiwa rangi, na mguso wake hulainika. Si kila ukakasi una mwisho huo mwema. Divai iliyo na tanini nyingi na tunda kidogo hukauka tu: miaka inapokwisha, tunda limekwisha na ukakasi ungalipo. Kwa hiyo swali la mwonjaji si kama ukakasi upo, bali kama nyuma yake kuna kitu cha kutosha kuungojea.

Hukumu za miaka 30

Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza aliyeuza divai mjini Paris, Steven Spurrier, aliwakusanya waamuzi 9 Wafaransa waonje divai bila kujua majina yake. Nyekundu zilikuwa 10: 4 za Bordeaux na 6 za California. Kila mwamuzi alitoa alama juu ya 20. Divai nyeupe zilitangulia, na matokeo yake yalitangazwa kabla nyekundu hazijamiminwa, kwa hiyo waamuzi waliingia duru ya pili wakijua kwamba Wamarekani wamekwisha kushinda ile ya kwanza. Mwandishi mmoja tu wa habari alikuwapo, George Taber wa gazeti la Time. Miongoni mwa aliyoyaandika ni kwamba mwamuzi mmoja aliisifu divai nyeupe kuwa ni Ufaransa hasa, kumbe ilitoka Napa.

Katika nyekundu, ya kwanza ilikuwa Stag's Leap Wine Cellars ya 1973, kutoka Napa. Nafasi tatu zilizofuata zilichukuliwa na divai za Bordeaux, na Monte Bello ya 1971 ilikuwa ya tano. Odette Kahn, mhariri wa jarida la divai la Ufaransa na mmoja wa waamuzi, alidai arudishiwe karatasi yake ya alama, asipewe. Hoja iliyotolewa na watetezi wa Bordeaux ilikuwa hii: divai za California hupendeza zikiwa changa, lakini za Bordeaux zimetengenezwa zikae. Hoja hiyo haikuwa ya upuuzi. Ilikuwa ni hoja juu ya ukakasi, ingawa neno hilo halikutamkwa, na ingeweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa njia moja tu, yaani kungoja.

Mwaka 1986 divai hizohizo nyekundu, isipokuwa moja, zilionjwa tena mjini New York. Monte Bello ilipanda hadi nafasi ya pili. Mwaka huohuo jopo jingine la jarida la Wine Spectator liliiweka ya tatu. Kisha tarehe 24 Mei 2006, miaka 30 kamili baada ya Paris, zikaonjwa kwa wakati mmoja London na Napa. Monte Bello ilikuwa ya kwanza kwa tofauti kubwa ya alama, na nafasi zote 5 za mwanzo zilikwenda California. Divai iliyoshinda mwaka 1976 haikuporomoka. Ilikuwa ya pili. Lakini iliyokaa muda mrefu na kupanda kwa hatua ni ile ya mlimani, ambayo mwaka 1976 ilikuwa bado na umri wa miaka 5 tu.

Waamuzi hawakuwa walewale, na chupa moja hailingani na nyingine baada ya miaka 30. Yeyote anayetaka kuona hapa uthibitisho wa kisayansi atakuwa amedai mengi mno. Mwaka 2008 mtafiti Robert Hodgson alichapisha uchunguzi juu ya waamuzi wa maonyesho ya divai ya California, ambao walimiminiwa divai ileile mara tatu kutoka chupa moja bila kuambiwa. Takriban mwamuzi 1 kati ya 10 tu ndiye aliyeirudishia divai hiyo alama zinazokaribiana kila mara. Hata hivyo, mwelekeo wa Monte Bello ni uleule katika mikusanyiko yote, nao unapatana na yale ambayo kemia ya tanini ingetabiri.

Kuandika hukumu

Udhaifu wa alama ndio unaoupa msamiati uzito wake. Nambari 12 juu ya 20 haisemi kitu kwa mtu atakayeifungua chupa miaka 20 baadaye. Sentensi isemayo kwamba uchachu uko wazi, ukakasi ni mwingi lakini laini kama vumbi la unga, na chini yake kuna tunda jeusi lisilokwisha, yaweza kumfaa.

Lakini maneno nayo yana mtego. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Frédéric Brochet akiwa mmojawapo, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya divai. Waliwapa divai nyeupe, na pia divai hiyohiyo iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Ile iliyotiwa rangi ilielezwa kwa maneno ya divai nyekundu. Jicho liliamuru, na pua ikatii. Maneno yaliyokaririwa darasani ndiyo yaliyojitokeza kwanza, kabla ya harufu yenyewe. Mwonjaji wa Kiswahili hawezi kukwepa hatari hiyo kwa sababu tu lugha yake ni nyingine, hasa akifasiri kwa mkupuo orodha ya Kifaransa ya matunda ya misitu ya Ulaya ambayo hajawahi kuyanusa.

Kwa divai kama ya Monte Bello, mlinganisho ulio karibu zaidi upo katika pwani ya Afrika Mashariki, nao ni zambarau. Tunda hilo hutia ulimi rangi, lina utamu, lina uchachu, na bado hukausha kinywa. Katika mlinganisho huo rangi, tunda na ukakasi hukaa mahali pamoja bila kukopa chochote. Ambaye hajawahi kuonja zambarau atahitaji tunda jingine la kwao, alilolila kweli.

Kuna jambo la mwisho la vitendo. Chupa ya divai nyekundu iliyokaa miaka mingi husimamishwa wima siku moja kabla ya kufunguliwa, ili mashapo yatulie chini. Humiminwa polepole, mbele ya mwanga, bila kuitikisa, na mmiminaji husita mara tu anapoona utusitusi ukikaribia shingo ya chupa. Kidogo kinachobaki chini hakinywewi. Ndizo tanini na rangi ambazo, divai ilipokuwa changa, ziliwafanya watu waseme ni kali.