Ukumbi na Riwaki katika Hekalu la Baytul-Maqdis

 

Msomaji wa historia ya Mayahudi hukutana mara nyingi na neno "ukumbi" wa Hekalu. Neno hili hutumika kwa vitu viwili mbalimbali, na asiyevitenganisha huchanganya zama zilizoachana kwa karibu miaka elfu moja.

Cha kwanza ni ukumbi wa mlangoni, uitwao kwa Kiebrania "ulam". Kwa mujibu wa vitabu vya Mayahudi, nyumba aliyoijenga Nabii Sulaiman (A.S.) ilikuwa na urefu wa dhiraa 60 na upana wa dhiraa 20. Ukumbi uliokuwa mbele yake ulikuwa na upana huo huo, na kina cha dhiraa 10. Dhiraa moja ni karibu nusu mita. Hapo zilisimama nguzo mbili za shaba, Yakini na Boazi. Nyumba hiyo iliteketezwa na jeshi la Bukht Nassar, mfalme wa Babil, mwaka 586 kabla ya Nabii Isa (A.S.).

Cha pili ni riwaki: ujia mrefu wenye paa lililobebwa na safu za nguzo, ulio wazi upande wa uwanjani. Riwaki mashuhuri ni za Hekalu la pili, ambalo mfalme Herode alianza kulijenga upya karibu mwaka 20 kabla ya Nabii Isa (A.S.). Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi aliyeliona kwa macho yake, ameeleza kuwa nguzo hizo zilikuwa za marumaru nyeupe, zenye kimo cha dhiraa 25, na dari ilikuwa ya mierezi. Kusini ilikuwepo Riwaki ya Kifalme, yenye nguzo 162 katika safu nne. Ya mashariki watu waliinasibisha na Nabii Sulaiman (A.S.). Lakini hata kwa nisba hiyo, ilikuwa riwaki ya ukingoni mwa uwanja, si ule ukumbi wa mlangoni.

Kazi zake pia zilitofautiana. Ukumbi wa mlangoni ulikuwa mpaka: waliouvuka kuingia ndani ni makuhani tu. Riwaki za nje zilikuwa za watu wote. Humo walijikinga na jua na mvua, na walimu walisomesha. Asiyekuwa Myahudi aliruhusiwa kufika hapo, lakini mbele yake palikuwa na ukuta mfupi wenye maandishi ya Kigiriki yaliyomwonya kwa kifo akiuvuka. Jiwe moja la maandishi hayo liligunduliwa mwaka 1871, nalo limehifadhiwa Istanbul.

Faida ya kutenganisha haya ni mbili. Kwanza, Nabii Zakaria (A.S.) na Bibi Maryam (A.S.) waliishi katika zama za Hekalu la pili. Mufasirina wamekhitalifiana juu ya mihrabu iliyotajwa katika Surat Aal Imran, aya ya 37. Basi haifai kusema kuwa ni ukumbi au riwaki fulani bila ya dalili. Pili, Warumi walilibomoa Hekalu hilo mwaka 70. Riwaki zinazoonekana leo magharibi na kaskazini mwa uwanja wa Masjid al-Aqsa zilijengwa na Waislamu, nyingi zikiwa za zama za Mamaluki.

Kwa hiyo, mwenye kusomesha aulize kwanza: ni ukumbi upi, na wa zama zipi?

Wallahu a'lam.