Mama wa miaka 35 na zaidi: ajifungue kwa njia gani?

Katika familia zetu wapo akina mama wanaopata mimba ya kwanza wakiwa na miaka 37 au 38, baada ya masomo, kazi au miaka mingi ya kungoja mtoto. Wapo pia wanaobeba mimba ya saba wakiwa na miaka 41. Wote huambiwa maneno mawili yanayopingana: "Kwa umri huo lazima upasuliwe," na "Bibi zetu walizaa hadi uzeeni, usiogope." Kauli ya kwanza hutia hofu bure. Ya pili huwasahau bibi waliokufa wakijifungua.

Umri unabadilisha nini?

Kuanzia miaka 35, na hasa baada ya 40, huongezeka uwezekano wa shinikizo la damu, kifafa cha mimba, kisukari cha mimba, mimba kuharibika na kondo la nyuma kutangulia. Anayezaa mara ya kwanza huweza kuchelewa katika uchungu. Aliyezaa mara tano au zaidi yumo katika hatari ya kuvuja damu baada ya kujifungua, kwa sababu mji wa mimba huenda usijikaze vizuri. Hivyo umri uleule haumaanishi hatari ileile.

Njia ya kawaida

Umri peke yake si sababu ya kupasuliwa. Ikiwa mtoto ametanguliza kichwa, presha ni nzuri na kondo liko mahali pake, mama anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Hupona mapema, na mimba ijayo haitakuwa na kovu la kuhofia.

Kuanzishiwa uchungu

Hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka mimba inapokomaa, na zaidi kwa mama aliyevuka miaka 40. Ndiyo maana daktari huweza kushauri uchungu uanzishwe wiki ya 39 au 40. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, kwa akina mama wa miaka 35 na zaidi waliokuwa na mimba ya kwanza, ulionyesha kuwa kuanzisha uchungu wiki ya 39 hakukuongeza upasuaji. Lakini kazi hii ni ya hospitali. Dawa za uchungu zikitumiwa nyumbani, hata za mitishamba, zinaweza kupasua mji wa mimba.

Upasuaji

Huokoa maisha pale kondo linapoziba njia, mtoto anapolala vibaya au mapigo ya moyo wake yanapobadilika. Hata hivyo una gharama zake: kupoteza damu, maambukizi, na kovu ambalo kondo la mimba ijayo linaweza kung'ang'ania. Kwa hiyo mama anayetarajia watoto wengine alipime jambo hili kwa uzito zaidi.

Mambo ya kufanya mapema

Anza kliniki kabla ya wiki ya 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane. Muulize daktari kama unahitaji aspirini ya dozi ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba. Huanzishwa mapema, kabla ya wiki ya 20, wala usijiandikie mwenyewe.

Chagua mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa. Kama ni mbali, sogea kwa ndugu aliye karibu na hospitali siku zinapokaribia. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyohiyo.

Nanyi akina baba, kubalianeni na mama mapema juu ya usafiri, fedha na ndugu wa kuchangia damu. Mama asikae kitandani akivuja damu huku watu wakitafuta simu ya mume au ya mama mkwe ili ruhusa itolewe.