Pesa ya mzee iliyobaki CNSS

Ndugu wanamemba, mimi kazi yangu ni mbegu na mbolea, lakini hapa Kamanyola mjane anaweza kukopa pesa ya mbegu ya muhindi, kumbe bwana yake alitumika miaka mingi kiwandani cha sukari cha Kiliba. Kama aliandikishwa INSS, ile inayoitwa sasa CNSS, haki haikufa naye: mjane na yatima wanaweza kuidai. Ila hakuna atakayekuja kuwatafuta shambani. Tafuteni numero yake ya INSS kwenye karatasi za mushahara, zile panya wanakula ndani ya sanduku. Mupande nazo Bukavu, pamoja na cheti cha ndoa na cha kifo. Muangalie jina: Mugisho na Mugishu, kwao ni watu wawili.