Kununua Kruza Mombasa: Pesa Huishia Wapi

Ikiwa una laki tatu au nne na unataka pikipiki aina ya kruza ya kukupeleka kazini na kukurudisha Mji wa Kale, tafuta ya India ya cc 220 au iliyo karibu na hapo. Ukiwa na laki sita na ushei, chukua ya cc 350 iliyo mpya. Ile kubwa ya silinda mbili, iliyojaa kromu, inayokugeuza shingo kila inapopita, iache mpaka uwe na pesa za kuitunza, maana za kuinunua peke yake hazitoshi.

Nasema hivi nikijua raha ya chombo chenyewe. Kiti kiko chini, usukani mpana, miguu imenyooka mbele, injini inavuta bila papara. Wenye kruza hapa kisiwani ukiwauliza, la kwanza watakutajia mgongo: mtu anatoka Mtwapa hadi Ganjoni na kushuka bila kujishika kiuno. La pili ni kimo. Mfupi anakanyaga chini kwa nyayo zote mbili, na kwenye foleni ya daraja la Nyali hilo lina faida kuliko nguvu za injini.

Lakini kuna joto, na hilo muuzaji hakutajii. Injini kubwa inayopozwa kwa upepo inahitaji upepo. Ukikwama Digo Road saa saba mchana, kati ya matatu na mkokoteni unaotoka Marikiti, upepo haupo, na moto wote wa silinda ya nyuma unakupanda mapajani. Kisiwa chetu hakizidi sana kilomita 14 za mraba. Gia ya juu ya kruza kubwa utaifaidi ukishatoka, kwa njia ya Malindi au ng'ambo ya kusini kwenda Diani. Basi hesabu kwa ukweli ni mara ngapi kwa mwezi unatoka kisiwani, kwa sababu pesa ya ziada unailipia safari hizo tu.

Uzito nao una gharama. Ya cc 220 ina kilo 160 hivi, ya cc 350 hupita 190, na kubwa huanzia 230 hadi kuvuka 300. Katika vichochoro vya Kibokoni, kugeuza chombo cha kilo 300 kisicho na gia ya kurudi nyuma ni kazi ya watu wawili. Kruza nyingi za sasa hazina kiki, kwa hiyo betri ikifa ndani ya Ndia Kuu, utasukuma. Bei ya betri iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Sasa bei za kununulia. Boda mpya ya cc 150 inapatikana kwa karibu laki mbili. Kruza ya cc 350 ikiwa mpya hupita laki tano. Za cc 220 ziko kati ya hizo mbili. Za Marekani zilizo kubwa ni za kuhesabu kwa milioni, na makala haya si ya mwenye milioni. Mtego uko kwa zile za Kijapani za cc 650 hadi 750 zilizotumika, ambazo huuzwa karibu na bei ya 350 mpya. Unajiona umepata injini mara mbili kwa pesa ileile. Pesa ileile imekununulia chombo kilichozeeka, ambacho speya zake haziko dukani.

Wengine watakwambia uagize mwenyewe, kwa kuwa bandari iko hapa hapa Kilindini. Lakini ushuru ni uleule kwa mtu wa Mombasa na wa Kisumu. Chukua pikipiki iliyofika bandarini kwa shilingi 300,000, usafiri na bima ya baharini vikiwemo. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 75,000. Ushuru wa bidhaa ni kama 13,000 kwa kila pikipiki. Juu ya jumla ya bei na ushuru huo weka VAT ya asilimia 16, ambayo ni zaidi ya 62,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Tayari tozo zimepita 160,000, na bado hujamlipa wakala wa forodha, hujalipia usajili wala namba.

Halafu kuna siku za kulaza mzigo. Karatasi moja ikikosekana, ada ya kuhifadhi inahesabiwa kwa siku, na wakala hana haraka kama yako. Mtake akuandikie kila tozo kabla mzigo haujaondoka ulikotoka, na ahakikishe kwa maandishi kwamba umri wa pikipiki unakubaliwa na shirika la viwango, KEBS. Akikupa jumla moja kwa mdomo, tafuta wakala mwingine.

Adui mkubwa kuliko ushuru ni chumvi. Kruza imetengenezwa ing'ae, na kromu ndiyo inayoliwa kwanza na hewa ya bahari. Huanza na vidoadoa vya kahawia kwenye ekzosi na rimu, na mtu akaona ni uchafu. Ubaya wenyewe uko kwenye nguzo za shokomzoba za mbele: kromu ikishatoboka pale, inakata sili, mafuta yanavuja, na breki ya mbele inaweza kulowa. Kwa mnunuzi wa pwani, rangi nyeusi ya kawaida ni bora kuliko kromu, hata kama duka linaiuza kama toleo la chini. Afadhali uichukue hiyo na ubaki na chenji.

Spoku pia hushika kutu, na rimu za aloi hazina shida hiyo. Kwa upande mwingine, gurudumu la spoku kwa kawaida lina tyubu, na tyubu inazibwa na fundi yeyote wa barabarani kutoka Majengo hadi Kilifi. Mtu wa safari ndefu anaweza kuvumilia spoku. Wa kisiwani achukue aloi.

Cheni, mkanda au shafti? Cheni ni rahisi na inapatikana kila mahali, lakini mchanga na chumvi huila, hivyo isafishwe na kupakwa mafuta mara kwa mara, hasa miezi ya kusi na mvua ya Mei. Mkanda wa mpira haushiki kutu na hauchafui nguo, ila ukikatika huupati Mwembe Tayari. Shafti ndiyo inayofaa pwani kuliko zote, nayo hupatikana zaidi kwenye zile kubwa za Kijapani. Kama kuna sababu moja ya haki ya kuzinunua hizo, ni hii.

Kuosha ni gharama ambayo wengi hawaioni. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi. Ukiosha pikipiki kwa maji ya kisima unaipaka kile unachotaka kukiondoa. Tumia maji ya bomba, au nunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, kisha ufute mpaka ikauke. Tangi nalo lijaze, kwa maana tangi tupu katika unyevu huu huota kutu kwa ndani, na kutu hiyo huziba kabureta au pampu ya mafuta.

Kuhusu mafuta, Mombasa tuna nafuu kidogo, kwani bei inayotangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, kila tarehe 14 huwa chini kuliko ya Nairobi. Tuseme lita ni shilingi 180 nawe unakwenda kilomita 500 kwa mwezi. Boda inayotembea kilomita 50 kwa lita itakula 1,800. Ya cc 220, kwa kilomita 35, ni kama 2,600. Ya 350, kwa kilomita 30, ni 3,000. Ya 650 inayotoa kilomita 20 itataka 4,500. Tofauti hiyo peke yake si ya kukutisha. Matairi ndiyo yanayotisha: tairi la nyuma la kruza kubwa, pana na la rimu ya inchi 15 au 16, mara nyingi huletwa kutoka Nairobi kwa basi, na bei yake ingekununulia matairi kadhaa ya boda. Kabla ya kulipia pikipiki yoyote, nakili namba iliyoandikwa kwenye tairi la nyuma, nenda maduka ya speya, uulize bei na siku za kusubiri. Uliza na brekipedi na kebo ya klachi.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria na ni elfu chache tu kwa mwaka. Bima kubwa inayofidia wizi huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya chombo, na si kila kampuni inataka pikipiki. Uliza kiasi utakachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijalipa. Kwa chombo cha bei ndogo, kiasi hicho kinaweza kuimaliza faida yote. Leseni iwe na daraja la pikipiki. Helmeti na koti la kuakisi mwanga ni mbili mbili, zako na za abiria, na abiria ni mmoja.

Abiria huyo akiwa mkeo au dadako na buibui lake, tazama ubavu wa gurudumu la nyuma. Pikipiki nyingi za India huja na kizuizi cha nguo, kilichowekewa sari, na buibui linakingwa vilevile. Isiyo nacho, fundi wa kuchomelea akutengenezee kabla hujambeba mtu. Hapa usifanye ubahili hata kidogo.

Mji wa Kale hauna gereji. Pikipiki italala mbele ya baraza, na kwa kawaida utamchangia mlinzi wa mtaa kila mwezi. Nunua mnyororo mzito na kifuniko kinachopitisha hewa, maana turubai la plastiki hufungia unyevu ndani. Ekzosi ya kelele usiinunue kabisa. Ni pesa nyingi, kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaikataza, na katika mitaa ambayo msikiti uko kila kona, majirani watakuchoka wiki ya kwanza.

Mikopo ya kulipa kila siku imepangwa kwa ajili ya boda inayoingiza pesa. Kruza haikuingizii kitu, kwa hiyo sacco yako ndiyo mahali pa kuanzia, tena ukiwa umetenga sehemu ya pesa zako kwa bima, helmeti, mnyororo na seti ya kwanza ya matairi.

Ukipata iliyotumika, nenda na tochi. Mulika ndani ya tangi, nguzo za mbele, na viungo vya waya chini ya kiti; vikiwa na ukijani, chumvi imeshaingia. Linganisha namba ya injini na ya fremu na zile za logibuku. Taka injini iwashwe ikiwa baridi. Na usitume M-Pesa kabla muuzaji hajaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye mtandao wa mamlaka ya usafiri, NTSA, nawe ukauona kwenye akaunti yako, jina lake likilingana na kitambulisho alichokushikisha mkononi.