Kuondoa uvimbe mchanga wa utumbo mpana bila kuutoboa

Ukuta wa utumbo mpana una unene wa milimita chache tu, na ukijazwa hewa huzidi kuwa mwembamba. Ndani kabisa kuna utando ute, ambako saratani nyingi za utumbo huanza kama kinyama kisichouma. Chini yake kuna tabaka laini lenye mishipa ya damu, kisha misuli. Kinyama ambacho hakijazama huondolewa kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera, bila kupasua tumbo. Hatari kuu ni mbili: kuvuja damu na utumbo kutoboka.

Usalama huanzia nyumbani. Mgonjwa hunywa dawa ya kuharisha mpaka atoe majimaji matupu, kwa sababu kinyesi kilichobaki huficha kingo za uvimbe, na utumbo ukitoboka huchafua tumbo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, maana anaweza kupata kiharusi. Daktari ndiye humpangia.

Vinyama vya chini ya milimita 10 siku hizi hukatwa kwa tanzi la waya lisilopitishwa umeme. Damu kidogo hutoka papo hapo na kwa kawaida hukoma yenyewe. Joto la umeme, kinyume chake, huunguza hadi tabaka za chini, na kidonda kinaweza kuvuja siku kadhaa baadaye.

Uvimbe mpana unahitaji uangalifu zaidi. Kwa sindano inayopitishwa ndani ya endoskopi, daktari huingiza maji ya chumvi yenye rangi ya bluu chini ya utando, nao huumuka kama andazi na kujitenga na misuli. Hatua hii ndogo ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Usipoumuka, huenda saratani imezama au pana kovu la kipimo cha awali, na kulazimisha kukata ni kosa. Baada ya kukata, kidonda chote kitazamwe: tabaka laini huonekana bluu, lakini misuli haishiki rangi hiyo. Duara jeupe katikati ya bluu huonya kwamba misuli imeguswa, na hapo kidonda hufungwa mara moja kwa klipu.

Wajapani waliendeleza mbinu ya kuchuna uvimbe ukiwa kipande kimoja kwa kisu kidogo cha umeme. Ina faida katika kupima kingo, ila huchukua muda mrefu, huongeza uwezekano wa kutoboa, na haifai kufanywa na asiyefunzwa vya kutosha. Kujaza utumbo kwa kaboni dioksidi badala ya hewa husaidia, kwa kuwa gesi hiyo hufyonzwa haraka na mwili.

Damu yaweza kuvuja hata wiki 2 baadaye. Choo chenye damu nyingi, homa au tumbo kuuma kwa nguvu ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo. Kipande kilichotolewa hupimwa maabara. Saratani ikiwa imepenya zaidi ya milimita 1 chini ya utando, upasuaji hufikiriwa. Uvimbe mkubwa uliotolewa vipande vipande hukaguliwa tena baada ya takriban miezi 6.