Hakuna Aliyezaliwa Anajua Kuandika Barua ya Kazi

Hapa Bidbid, njia inapogawika kwenda Nizwa na kwenda Sur, wengi wetu nyumbani twazungumza Kiswahili, ofisini twaandika Kiarabu au Kiingereza. Ndiyo mana vijana huniuliza: mbona mdomoni maneno yanakuja, kwenye karatasi yanakimbia?

Nawajibu kuwa kuandika ni kazi ya mkono, kama ufinyanzi wa Bahla. Hujifunzwa kwa kuiga na kurejea.

Mtizameni Sayyida Salme bint Said, binti wa Sultani, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Zama zake wasichana walifundishwa kusoma Qur'ani, kuandika hapana. Akajifunza kwa siri: aliweka Msahafu mbele yake, akanakili herufi moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia, ndio ubao wa wakati ule. Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Majid, Salme ndiye aliyekuwa karani wa kundi la Barghash. Na mwaka 1886 kitabu chake kilitoka Ujerumani kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza ukubwani.

Wazee wetu waliorudi kutoka Afrika baada ya 1970 nao wengi walikuja na Kiingereza kizuri na Kiarabu cha kuungaunga. Ninaowajua mimi walifungua mafaili ya zamani, wakatizama barua zilizokubaliwa zimepangwa vipi, wakaiga mpaka mkono ukazowea.

Na si jambo dogo. Jirani yangu mmoja, mama mjane, faili lake lilizunguka ofisi fulani miezi miwili. Karani alieleza historia nzima, ombi lenyewe akaliweka mstari wa mwisho. Barua ilipoandikwa upya, ombi likiwa juu, jawabu lilikuja wiki ileile.

Basi wanangu, kabla hujaandika, jiulize: huyu anayesoma, nataka afanye nini? Anza na hilo. Kisha isome kwa sauti; pale pumzi inapokatika, sentensi ni ndefu. Mpe mwenzio aisome, na akikuuliza "unakusudia nini?", usimfahamishe kwa mdomo, rekebisha karatasi. Barua yako mkubwa akiirudisha na wino mwekundu, usiitupe. Iweke. Barua kumi za namna hiyo ni skuli tosha.

Na wazee, mwanao akikuletea barua yake uisome, usimwandikie wewe. Muulize tu, naye aandike tena.